Turbini ndogo ya maji kwenye gridi bila betri: fikiria kwanza siku gridi ikikata

Wadau mnaoanza kufunga turbini ndogo moja kwa moja kwenye gridi bila betri, kufua umeme wala sio ishu, ishu ni pale gridi inapokata. Hesabu ya mwanzo ni nyepesi, kimo cha maji (yanashuka toka juu kiasi gani) kwa mita zidisha lita kwa sekunde zidisha 9.81, alafu chukua kama nusu yake maana nyingine inapotea njiani, yani mita 20 na lita 10 unapata kama wati 1,000 hivi, usiku na mchana.

Sasa inveta ya gridi, kile kifaa kinachogeuza umeme wa turbini uendane na wa gridi, lazima ijitoe yenyewe gridi ikipotea. Sio ubovu huo, isipojitoa fundi wa laini anashika waya akijua umekufa kumbe wewe unauchaji. Kwa hiyo habari za kubaki na taa wenzako wako gizani sahau. Ila maji hayana habari kama gridi imekata, yanaendelea tu kupiga vikombe vya gurudumu la turbini, mzigo wa kula umeme hakuna, spidi inapanda mpaka karibu mara mbili na volti zinapanda nayo, zinaweza hata kupita mara mbili kwa vile mzigo haupo. Paneli za sola hazifanyi hivi, ndo maana waliozoea sola wanapigwa hapa.

Yangu ilikuwa inakaa volti 250, inveta mwisho wake 500, nikaona nafasi ipo kibao. Gridi ikakata nikiwa nimesimama pale pale, mngurumo ukageuka kama filimbi, nakimbilia valvu nasikia pa! harufu ya kapasita za inveta kuungua hiyo. Na afadhali sikuwahi ile valvu, ukifunga ghafla kwenye bomba refu presha inaweza kulipasua.

Dawa yake ni hita zinazowashwa na rilei (swichi inayojiwasha yenyewe) volti zikifika kiwango ulichopanga, mimi sasa hivi nimeweka 380. Ziwe na uwezo wa kumeza umeme wote wa turbini, sio nusu, na kwa masaa, maana hata gridi ikirudi inveta bado inasubiri kidogo ndo iingie. Ukizitumbukiza kwenye tanki, cheki maji yasije yakakauka ukaunguza na hita.

Alafu usiondoke saiti hujazima meni swichi kwa makusudi ukaona mwenyewe mita ya volti inafika wapi. Ila raundi ya kwanza chomoa inveta kabisa, fungua maji kidogo kidogo, hita zikikamata vizuri ndo uirudishe.