Adapta ya jiko la kambini: kuingia peke yake hakutoshi

Anayetafuta adapta ya jiko la kambini kwa kawaida huuliza kama itaingia. Hilo ndilo jambo jepesi. Adapta inaunganisha midomo miwili isiyofanana, basi. Gesi iliyomo hubaki ileile, na presha yake ileile, kwa hiyo mimi husoma kwanza maandishi ya kwenye kopo.

Majiko mengi madogo hukazwa kwa hesi kwenye kopo fupi na pana, lenye alama ya EN 417 (kiwango cha Ulaya cha makopo ya gesi), ambalo mara nyingi lina mchanganyiko wa gesi za butani, isobutani na propani. Kopo refu jembamba la majiko ya mezani halina hesi. Lina ukingo wenye pengo dogo, na mara nyingi ndani ni butani tupu. Kwa kuwa ni la bei nafuu, hapo ndipo hamu ya adapta huanzia.

Kwa kopo hilo napendelea adapta ya chuma yenye miguu mitatu, inayotumika na jiko lenye mpira wa gesi. Kopo linalazwa, pengo likielekea juu. Usilipuuze pengo hilo: ndani kuna kijibomba kilichopinda kuelekea upande wake, ili kivute mvuke ulio juu ya kimiminika. Ukililaza kopo kinyume, gesi hutoka kama kimiminika na moto huruka ghafla. Kama jiko lako ni lile la kukaa juu ya kopo, itabidi kopo refu lisimame wima, kisha adapta, kisha jiko, kisha sufuria iliyojaa. Mnara huo sijengi.

Kwenye baridi kali adapta haina msaada. Butani huchemka karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, kwa hiyo chini ya hapo kopo linaweza kuwa zito kwa gesi na jiko lisiwake. Isobutani hustahimili hadi karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, propani hadi 42.

Mbona basi usiunge mtungi wa propani moja kwa moja? Kwa sababu kwenye nyuzi 20 presha yake ni karibu mara 4 ya butani, na jiko dogo halikutengenezwa kwa hiyo. Adapta ya namna hiyo isiyo na regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza presha, siinunui. Zile za kuhamishia propani kwenye makopo membamba ndiyo kabisa: kopo linaweza kupasuka.

Ukishanunua, kagua oringi, ile raba ya duara. Ikiwa na ufa au imekauka, badilisha. Unganisha nje, mbali na moto, koki ya jiko ikiwa imefungwa, halafu paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likichomoza, tenganisha adapta na kopo, na usiwashe. Ukimaliza kupika, toa adapta kwenye kopo, maana ikibaki hapo kinachozuia gesi ni koki ya jiko peke yake.