Siku Niliyoliita Onyesho la Mavazi "Incident"

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa msomaji. Nauweka hapa kama ulivyo: "Shikamoo dada. Nimepata kazi ya kuandika habari za sherehe na mitindo kwa Kiingereza. Naomba unitumie maneno 50 makali ya kusifia shughuli na nguo, maana nice na beautiful zimenichosha. Nataka wakisoma washtuke."

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Kushtuka watashtuka. Mimi niliwahi kuishtua ofisi nzima kwa sentensi moja, na ndiyo maana orodha yako sitaituma.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na daftari la jalada gumu. Kila ukurasa niliupiga mstari wa rula katikati: kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza, neno kwa neno. Tukio, incident. Maridadi, gorgeous. Bei rahisi, cheap. Nilikuwa na zaidi ya maneno 600 humo na nilijiona nimeshamaliza lugha ya watu. Basi nikatumwa kwenye onyesho la mavazi la wabunifu chipukizi. Nikarudi usiku, sikulala, nikaandika. Sentensi ya kwanza naikumbuka hadi nukta yake: "The incident took place on Saturday evening and it was very gorgeous."

Mhariri aliisoma kimya. Kisha akaisoma kwa sauti. Kisha akavua miwani, akaniuliza kwa upole ambao mpaka leo unaniuma kuliko angenifokea: "Kuna aliyeumia?"

Ofisi ikaangua kicheko. Dada wa meza ya jirani alicheka huku amejishika mbavu, na tangu siku hiyo akawa ananiita Miss Incident. Mwaka na nusu, mbele ya wageni. Nami nikacheka nao, ungefanyaje? Halafu nikaenda msalani, nikafungua bomba, nikanawa uso mara tatu.

Sasa tuliangalie hilo kosa, maana najua nawe uko njiani kulifanya. Kwetu "tukio" linabeba mema na mabaya. Harusi ni tukio, ajali nayo ni tukio. Kiingereza kimewagawia watu tofauti. "Event" ni jambo lililopangwa, au lenye uzito wa kukumbukwa. "Incident" ni jambo lililozuka tu, na mara nyingi linanukia polisi. "Occasion" ni siku yenyewe na heshima yake, ile unayoitolea nguo kabatini. "Ceremony" ni sehemu ya taratibu: viapo, hotuba, kukabidhiana vyeti. Ikishakwisha hiyo na wageni wakahamia kwenye kupongezana na kula, hapo mpo kwenye "reception". Na watu wakikutana tu bila mbwembwe, hiyo ni "gathering".

Vitenzi navyo vina upande. Shughuli iliyopangwa "takes place" au "is held". "Happen" inapenda mambo ya ghafla. Muulize mtu "What happened at the wedding?" uone atakavyokutazama, atadhani umesikia bwana harusi katoroka. Tena ona, kwenye ile sentensi yangu "took place" nilikuwa nimeipatia. Hakuna aliyenipongeza.

Halafu ile "very gorgeous". Kuna maneno ambayo yamekwishafika kileleni: gorgeous, stunning, magnificent, exhausted. "Very" haina pa kuyapandisha. Ni kama mtu akwambie shuka ni "nyeupe pe sana". Ile "pe" imeshamaliza kazi, "sana" inatafuta nini? Kwa maneno hayo Waingereza hutumia "absolutely": absolutely gorgeous, absolutely stunning. "Very" iache ikae na maneno ya kawaida ambayo yanaweza kuzidi au kupungua: very pretty, very elegant, very smart. Hapo kwenye "smart" kuna mtego mwingine. Kwa Mwingereza, ukisema mtu yuko "smart" akiwa ndani ya suti, umeisifia suti. Mmarekani atadhani umeisifia akili.

Lakini kilichoniumiza zaidi hakikuwa kicheko. Mhariri alisahihisha "incident", akafuta "very", ila mbele kidogo kulikuwa na sentensi nyingine iliyompita, ikachapwa: nilimsifu mbunifu mmoja kwa "beautiful cheap dresses". Nilimaanisha magauni ya bei nafuu, ambayo kila mtu anaweza kuyamudu. Asubuhi yake mbunifu akapiga simu. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Dada, nguo zangu za ovyo?" Alikuwa ameshona zile nguo miezi minne, peke yake. "Cheap" inazungumzia bei, ndiyo, lakini ikikaa karibu na nguo au mtu inageuka kuwa tusi: hafifu, ya kulipua, isiyo na hadhi. Nilichokuwa nakihitaji ni "affordable". Neno moja tu. Nilimwomba radhi, akapokea, ila maonyesho yake yaliyofuata sikualikwa tena.

Ndipo nikalitupa lile daftari. Sikulichoma wala nini, nililitupa tu. Nikaanza jingine lisilo na mstari katikati, na ndani yake nikawa siandiki neno, naandika neno na jirani zake. Sikuandika "party", niliandika "throw a party", "host a party", "go to a party". Kwa nini Waingereza watupe sherehe wakati sisi tunaiandaa? Wanajua wenyewe. Wewe tupa nao. Usiseme "make a party".

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: neno na jirani zake. Wa pili nao ni huo huo, ila uutumie kwenye mambo ambayo Kiswahili kinayasema kwa kitenzi kimoja. Sisi tunasema sherehe ilifana, tumemaliza. Kiingereza hakina kitenzi kimoja kitakachoubeba mzigo huo. Utasema "It was a great success" au "It went really well". Ikidoda, "It fell flat". Ikivutwa mpaka watu wakaanza kusinzia vitini, "It dragged on". Ukumbi ukifurika ni "packed". Ikiandaliwa kwa gharama ya kutisha ni "lavish". Ikiwa ya kimya kimya, ya watu wachache, ni "low-key", na hilo si tusi. Ikiahirishwa "it was put off", ikifutwa kabisa "it was called off". Hizo mbili niliwahi kuzichanganya kwenye tangazo, na watu wakadai nauli zao.

Tuje kwenye mitindo, maana huko ndiko nina vidonda vingi.

Usimwage "fashionable" kila mahali. "Fashionable" ni kile kinachokubalika kwa wakati huu. "Trendy" ni kile kilichoshika chati juzi tu, na mkubwa akikitamka unaweza kusikia dharau kwa mbali. Asili yake, "trend", ni kugeuka au kuelekea, kama mto unavyokata kona, na kinachogeuka leo kitageuka na kesho. "Fad" ni wimbi la msimu litakalosahaulika. "All the rage" maana yake kimeshika chati kweli kweli, ingawa "rage" peke yake ni ghadhabu. "Stylish" ni tofauti na yote hayo, hiyo ni sifa ya jicho la mvaaji. Mtu anaweza kuvaa shati la miaka 15 na bado akawa stylish. "Classic" ni kitu kisichochuja. "Dated" ni kile kinachoutangaza mwaka wake kikiwa bado mlangoni. Na "vintage", neno lililotoka kwenye mavuno ya zabibu za divai, ni la kikale chenye thamani. Wauza mavazi kwa kawaida hulitumia kwa nguo iliyotimiza walau miaka 20. Si kila mtumba ni vintage. Mwingine ni second-hand tu, na hauna kosa lolote.

"Chic" nayo hutamkwa "shiik". Ukisema "chik", kama "chick", umemwita mwenzio kifaranga.

Kuna watu watatu ambao wanafunzi wangu wote huwachanganya: fit, suit, match. Kiswahili kinao, ila tunasahau kwenda kuwaita. Nguo ikimkaa mtu, haibani wala haipwayi, "it fits". Nguo ikimtoa, yaani rangi na mshono vinampendeza yeye kama yeye, "it suits her". Nguo ikioana na nyingine, blauzi na sketi, "they match". Gauni linaweza kumkaa mtu barabara na lisimtoe hata kidogo. Nimewahi kumwambia bibi harusi "Your dress fits you" nikiamini nimemsifu. Akanijibu, "I should hope so." Maana yake nilikuwa nimempongeza kwamba fundi alijua kutumia futi.

Na mpangilio wa sifa usikutishe. Wanaokufundisha watakupa kanuni ndefu: maoni kwanza, kisha ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kitambaa. Mimi natumia njia ya mkato. Sema kwa Kiswahili: gauni zuri refu jeusi la hariri. Sasa lichukue "gauni" ulipeleke mwisho, mengine yaache palepale: "a beautiful long black silk dress". Nilipoligundua hilo nilikuwa kwenye foleni, nikacheka peke yangu, watu wakanitazama.

Sasa ngoja nikusimulie la mwisho, ingawa nilijiapiza nisiliandike popote. Mwingereza mmoja tuliyefanya naye kazi alitualika kwake, na mwaliko ulisema "fancy dress party". Fancy nilikuwa nalijua: la kifahari. Dress nilikuwa nalijua: gauni. Nikaazima gauni la zari la kuburuza chini, nikatengeneza nywele kwa saa tatu. Mlango ulifunguliwa na haramia mwenye kitambaa jichoni. Nyuma yake kulikuwa na malaika wawili, twiga mmoja, na mzee mzima aliyejivika kivuli cha taa kichwani. Kwa Waingereza "fancy dress" ni mavazi ya kuigiza, kile ambacho Wamarekani hukiita "costume party". Haramia akanitazama juu hadi chini, akauliza kwa uchangamfu, "And what are you supposed to be?"

Nikamjibu, "I am fine, thank you."

Nilikaa kwenye sherehe ile kwa muda wa saa nne, na kila aliyepita alijaribu kubahatisha mimi ni nani. Twiga alisema malkia. Nikakubali.

Tangu hapo mwaliko wowote nausoma kama mkataba wa nyumba. "Black tie" si tai yoyote nyeusi. Ni suti ya jioni na tai ya kipepeo, na juu yake kuna "white tie" ambayo ni rasmi kuliko zote. "Smart casual" nimekutana na watu wengi waliovaa hivyo na hakuna wawili waliofanana.

Najua unasoma haya ukiwa na haraka. Ninyi vijana mnataka orodha. Maneno 50, maneno 100, mmeze usiku mmoja kama vidonge, asubuhi mmwage ung'eng'e. Nakwambia kama dada yako: neno ulilolichukua peke yake litakugeuka mbele za watu. Chukua maneno matano kwa wiki, kila moja na jirani zake, uyaandikie sentensi ya kitu ulichokiona kwa macho yako, si cha kubuni. Na hiyo "nice" uliyoichoka, iheshimu. Ilitoka kwenye neno la Kilatini la mtu asiyejua, na kwenye Kiingereza cha karne ya 14 ilimaanisha mpumbavu. Leo ndiyo sifa ya kila kitu. "Terrific" nayo ilianza ikimaanisha cha kuogofya, siku hizi ni bora kabisa, wakati ndugu yake "terrible" amebaki kulekule kwenye ubaya. Ikiwa maneno yenyewe yanahama nyumba hivyo, wewe na orodha yako isiyo na anwani mtamkuta nani?

Tena uwe na sikio. Mwingereza akilitazama gauni lako akasema "Interesting", usikimbilie kushukuru. Inaweza kuwa sifa, inaweza pia kuwa njia ya adabu ya kutokusifu.

Wiki iliyopita, kabla hata ya ujumbe wako, nilipata mwingine. Ulitoka kwa yule dada wa meza ya jirani. Anazindua nguo zake mwenyewe, anaomba nimpitishie mwaliko wa Kiingereza macho, "maana wewe ndiye fundi siku hizi". Niliusoma mara mbili. Alikuwa ameandika "a very magnificent launch" na "cheap prices". Nikamsahihishia yote, bure, kwa heshima, sikutia utani hata mmoja. Sikumuuliza kama kuna aliyeumia, ingawa kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Baada ya dakika kumi akajibu: "Thanks, Miss Incident. Interesting."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.