Kuku wa mnada

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea. Unasema mzee mmoja wa kanisa hapo usharikani kwenu alipandisha kuku wa mnada wa sadaka hadi shilingi 80,000, akapigiwa vigelegele, na dada wake wa kazi hajaona mshahara tangu Krismasi. Ukauliza: "Baba, imani mliyotulea nayo ni maigizo?"

Yesu hakuwaonea haya watu wa namna hiyo. Katika Mathayo 23 anawaambia Mafarisayo kwamba wanatoa zaka hata ya mnanaa, bizari na jira, lakini adili na rehema wameziacha. Wala hakuwakataza kutoa zaka. Kuku wa mnada hana kosa, mwanangu. Shida ni kwamba kanunuliwa kwa jasho la yule binti.

Babu yako alikuwa mlokole. Ule uamsho wa Gahini, Rwanda, wa miaka ya 1930, ulipofika huku kwetu Bukoba, mtu akisema ameokoka, majirani walingoja kuona atarudisha nini. Babu alikuwa na mchezo wa kuchanganya vijiwe kwenye magunia ya kahawa ya maganda ili mizani ipande. Alipookoka alimfuata mnunuzi dukani, akafungua fundo la kitambaa, akamhesabia noti moja moja pale kaunta. Mnunuzi, ambaye wala hakuwa Mkristo, alidhani mzee kapagawa. Bibi alinuna wiki nzima, maana hiyo ilikuwa pesa ya mabati.

Si kwamba walokole wote walikuwa malaika. Wapo waliofikia kupima wokovu wa mtu kwa nguo na nywele. Lakini humo humo alitoka Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, akawa Askofu Mkuu wa Uganda. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji ya raia, na Luwum akauawa Februari 1977. Huyo utamwitaje mwigizaji?

Sasa huyo dada. Muulize kwanza anadai kiasi gani, na kama yuko radhi umsemee, asije akafukuzwa kwa ajili yako. Akikubali, mwendee mzee mwenyewe, ninyi wawili tu, kama Mathayo 18 inavyoelekeza. Akikutolea nje, rudi na shahidi, halafu mchungaji. Ikishindikana huko kote, msindikize binti kwa afisa kazi.

Baba yako