Dogo anajua muuaji kabla ya stelingi

SWALI: Habari dada, mi na mdogo wangu kila Jumamosi usiku tunaangalia muvi za upelelezi, sasa dogo hata nusu saa haijaisha ashanyoosha kidole "huyu hapa ndo kaua" na karibu kila mara anapatia, utamu wote kwisha. Hivi watunzi wameishiwa au? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Salama mdogo wangu. Watunzi siwalaumu sana, mara nyingi anayemchoma muuaji ni kamera. Kitabuni muuaji anajificha katikati ya sentensi, kamimina chai, kauliza saa ngapi, we unapita zako. Kwenye muvi lazima awe na sura, na sura yenyewe ya staa mkubwa ambaye hawezi kulipwa hela yote ile aje afungue mlango tu anyamaze, dogo hapo ashamaliza kazi. Na ile glasi mezani, kamera ikiikazia sekunde tatu basi ina sumu.

Halafu mbinu zimeigwa mno. Riwaya ya The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, yule mama Mwingereza mtunzi wa hadithi za upelelezi, ilipotoka 1926 kuna wasomaji walilalamika wamechezewa rafu, leo yule asiyedhaniwa ndo anadhaniwa wa kwanza.

Ila mi kinachoniuma hasa ni kubadilisha mwisho. Chukua kitabu chake kingine, And Then There Were None cha 1939, watu kumi kisiwani, mezani vinyago kumi, akifa mtu kinyago kimoja hakionekani, unahesabu na wewe mpaka viganja vinatoka jasho, na jina kinachouzwa nalo leo lishakwambia habaki mtu. Sasa Christie mwenyewe alipokipeleka jukwaani 1943 akawaacha hai wawili wanaopendana, filamu ya 1945 ikafuata hukohuko, na nyingine baada yake, yaani kijana na binti wakiangaliana tu unajua hao hawafi. BBC 2015 kwenye tamthilia yao ya TV wakarudisha mwisho wa kitabu, na aisee niliogopa kweli japo kila kitu nilikuwa nakijua!

Tafuteni hiyo. Dogo asitaje jina kwa sauti, aandike kwenye karatasi nani, kwa nini, na kaweza vipi, akunje akupe uishike mpaka mwisho. Jina anaweza kupatia, hayo mawili mengine ndo nataka uniandikie yalikuwaje.