Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Pole, ndugu yangu. Unasema unaingiza takwimu za fomu kwenye kompyuta kutwa nzima, huoni maana yake, na unawaza kuacha. Anza na swali la Wabudha wa kale: kazi hiyo inamuumiza mtu? Buddha aliwakataza wafuasi wake biashara 5: silaha, viumbe hai, nyama, vileo na sumu. Yako haimo.

Inasimuliwa kwamba Baizhang, mtawa wa Zen (tawi la Ubudha) huko China katika karne ya 8, alipozeeka wanafunzi walimfichia zana za shambani ili apumzike. Akagoma kula hadi wakamrudishia. Msimamo wake: siku bila kazi, siku bila chakula. Kwake kulima kulikuwa sehemu ya ibada, si kikwazo.

Kesho jaribu fomu moja tu. Pumua, soma jina lililoandikwa, kumbuka kuna mtu anasubiri kitu, andika, ndipo ufungue nyingine. Simu iwe mbali. (Mimi siku ya kwanza nilifika fomu ya 3, akili ikatoroka.) Ila kama bosi anakunyanyasa, usijifiche kwenye kutafakari, tafuta kwingine.