Shahada ya Kiswahili na Tiba ya Usemi

SWALI: Mhariri, nina shahada ya kwanza ya Kiswahili na isimu. Mjomba wangu alipatwa na kiharusi akapoteza uwezo wa kusema, na tangu hapo natamani kusomea tiba ya usemi na lugha. Je, naweza kuomba shahada ya uzamili Marekani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa yaliyompata mjomba wako. Unaweza kuomba, ila isimu peke yake haitoshi. Nchini Marekani fani hii hudai shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili, na kwa kuwa hukuisomea tangu mwanzo, vyuo vingi vitakutaka utangulize masomo kama anatomia ya viungo vya usemi na ukuaji wa lugha ya mtoto. ASHA, chama cha wataalamu wa huko, hutoa cheti kwa aliyesoma pia biolojia, takwimu, sayansi ya jamii, na fizikia au kemia. Zipo tena saa 400 za mafunzo kwa vitendo, 25 za kutazama na 375 za kuhudumia wagonjwa, kisha mtihani, na kazi chini ya msimamizi kwa wiki zisizopungua 36. Waombaji wengi hupiga hesabu ya ada wakasahau kipindi hicho cha mwisho.

Kama nia yako ni kuwahudumia watu kama mjomba wako, mimi ningekushauri uitazame kwanza Makerere, Kampala, iliyoanzisha shahada ya kwanza ya fani hii mwaka 2008. Kuanza shahada upya kunauma, nakiri, lakini utajifunza kwa wagonjwa wa mazingira yetu. Vipimo vingi vya usemi na lugha vilitungwa kwa Kiingereza, na kuvitafsiri tu hakufai: wingi wa Kiingereza huonekana zaidi mwishoni mwa nomino, ilhali kwetu “kiti kimevunjika” huwa “viti vimevunjika”, badiliko likiwa mwanzoni mwa nomino na mwanzoni mwa kitenzi pia. Mgonjwa anayepoteza upatanisho huo baada ya kiharusi anahitaji mtu anayezijua ngeli, na hapo ndipo shahada yako inapokuwa mtaji.

Kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, liulize kwa maandishi baraza linalosajili taaluma za afya nchini iwapo linaitambua shahada unayoilenga, kisha omba ruhusa ya kukaa siku chache katika hospitali yenye huduma hii, umtazame mtaalamu akifanya kazi.