Maswali ya Wasomaji: Muziki Unaomzunguka Msikilizaji

Barua za safari hii karibu zote ni za Dolby Atmos, mfumo wa kuzipanga sauti pande zote za msikilizaji na juu yake, ulioanzia kwenye sinema mwaka 2012, ukaingia kwenye muziki wa mtandaoni mwaka 2019, na kupata wasikilizaji wengi zaidi Apple Music ilipoupokea Juni 2021. Tumejibu tano. Zilizouliza bei tumeziweka kando, maana bei hubadilika kabla gazeti halijafika kwa msomaji.

Nina chumba cha mita 3.6 kwa 4.2, dari liko mita 2.7. Nina spika mbili za studio na saundi kadi yenye matokeo 8. Nikiongeza spika nyingine nitakuwa tayari kwa Atmos?
*Mtayarishaji, Mwanza*

Ndugu yetu, mpangilio wa kazi ya muziki ni 7.1.4: spika 7 usawa wa masikio, sabufa 1, na 4 za juu. Hizo ni 12, kwa hiyo matokeo 8 hayatoshi. Ila kabla hujatoa hata shilingi, fahamu kwamba wengi wa watakaousikiliza wimbo wako watavaa hedifoni. Chukua hedifoni nzuri zilizo wazi mgongoni na programu ya kurekodia yenye renda ndani yake (kitengo kinachoigeuza miksi ya Atmos iwe sauti ya hedifoni au spika), kama Logic Pro au Nuendo, ufanye nyimbo tatu nne. Ukishajua unachotaka kusikia ndipo uingie gharama za spika.

Siku ukizifunga, pima kwa tepu, usikadirie kwa macho. Usikae katikati ya urefu wa chumba. Ukiwa mita 2.1 kutoka ukuta wa mbele na wa nyuma, besi ya karibu 41 Hz itakupotea, nawe utaiongeza bure kwenye miksi. Rudi nyuma nusu mita. Kutoka kichwani pako, spika za mbele kushoto na kulia ziwe nyuzi 30 kila upande, ya kati nyuzi 0, za ubavuni kati ya 90 na 110, za nyuma kati ya 135 na 150. Zote 7 zikae mita 1.5 kutoka kwako. Upana wa chumba chako unakubali hilo kwa shida, kwani nyuma ya spika za ubavuni itabaki sentimita 30 tu. Chagua spika fupi.

Za juu ndizo zinazowashinda wengi. Masikio ya mtu aliyeketi yako kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Ukining'iniza spika zako usawa wa mita 2.5, tofauti ni mita 1.3, na ili upate mwinuko wa nyuzi 45 kila spika inapaswa kuwa mita 1.3 kutoka kwenye mstari unaopanda wima kutoka kichwani pako. Maana yake sentimita 92 mbele au nyuma, na sentimita 92 kushoto au kulia. Ukizibana kwenye kona za dari, kama wengi wanavyofanya ili zipendeze, mwinuko unapungua na sikio halizitofautishi vizuri na zile za chini.

Sasa angalia umbali. Spika za juu ziko mita 1.84 kutoka sikioni, za chini ziko 1.5. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo hizo sentimita 34 ni milisekunde 1. Zicheleweshe za chini milisekunde 1, yaani sampuli 48 ukiwa kwenye 48 kHz. Bila hivyo za chini zitatangulia kufika na sauti iliyowekwa juu itavutwa chini. Mwisho, pitisha kelele ya pinki (mvumo wa kupimia wenye masafa yote) ya −20 dBFS kwenye spika moja moja na uzisawazishe zote zisome 79 dB kwa mizani ya C, kipimo kikiwa mahali pa kichwa chako.

Tumerekodi kikundi cha taarabu Unguja, wote katika ukumbi mmoja: fidla 4, kanuni (ala ya nyuzi), udi, akodiani, besi ya kusimama, dumbaki (ngoma ya mkono), rika (tari ndogo), mwimbaji na waitikiaji 6. Kila mtu ana maiki yake. Tunawapangaje?
*Mafundi wawili, Zanzibar*

Kazi nzuri hiyo, na ngumu, kwa sababu mmerekodi pamoja. Tuanze na ugumu wenyewe. Maiki ya fidla imemeza dumbaki pia. Katika stirio mlikuwa mkiziweka fidla kushoto kidogo na dumbaki katikati, na yote yakapita. Katika Atmos mtatamani kuzipeleka fidla ubavuni na nyuma, na hapo ile dumbaki iliyojificha ndani ya maiki ya fidla itahamia huko nayo. Msikilizaji atasikia mpigaji mmoja yuko mbele na mwingine yuko kisogoni, amechelewa.

Vifaa vinavyosikika sana kwenye maiki za wenzao visitenganishwe mbali. Sikilizeni maiki moja moja, muandike kwenye karatasi nani anasikika wapi. Mkikuta dumbaki inavuma kwenye fidla mbili za mwisho, hizo zibaki mbele na msizivushe nyuzi 60. Fidla safi ndizo ziende ubavuni. Kuna jambo la pili: maiki iliyo mbali na dumbaki kwa mita 1 zaidi ya nyingine huipokea milisekunde 2.9 baadaye, na zikijumlishwa kwenye simu yenye spika moja, masafa ya karibu 172 Hz na 515 Hz huliwa. Dumbaki inakuwa kama debe. Kwenye programu, itangulizeni treki ya maiki ya mbali kwa hizo milisekunde 2.9 kabla ya kugusa ekwalaiza.

Baada ya hapo gaweni. Atmos inapokea hadi njia 128: bedi ya chaneli 10, ambayo ni spika zisizohama za 7.1.2, na obijekti 118, kila moja ikibeba sauti pamoja na maelezo ya mahali ilipo. Bedi haina tofauti ya juu-mbele na juu-nyuma, hivyo chochote mnachotaka kiwe juu nyuma lazima kiwe obijekti. Besi na maiki za ukumbi ziwe kwenye bedi. Kanuni, udi, akodiani, rika na mwimbaji wawe obijekti.

Mwimbaji msimweke kwenye spika ya kati peke yake. Akiwa huko tu anasikika mkavu na mdogo, hasa watu wakiwa na televisheni yenye spika dhaifu ya kati. Mpeni obijekti ya mbele kabisa, kisha muongeze kidogo cha sauti hiyo hiyo kushoto na kulia, desibeli 6 au 8 chini. Waitikiaji 6 wapangeni nusu duara kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, wapande kidogo. Hapo ndipo mfumo huu unailipa taarabu: kiitikio kikiingia, msikilizaji anajikuta ameketi kati ya kikundi. Kanuni itulie mahali pamoja. Si mbu, haina sababu ya kuzunguka kichwa.

Riverbu moja ya stirio haitoshi, na kunakili ile ile mbele na nyuma ni kosa kubwa zaidi, kwani sauti mbili zinazofanana hukusanyika katikati ya kichwa. Tumieni mbili zenye mipangilio tofauti: ya mbele ianze milisekunde 20 baada ya sauti, ya juu na nyuma ianze 45, ikiwa imekatwa trebo kuanzia 6 kHz. Kama mliweka maiki mbili za ukumbi, anzeni na hizo. Huenda msihitaji plagini yoyote.

Kiki ya singeli yangu nimeipeleka LFE. Studio inatikisa madirisha. Kwenye simu haipo kabisa!
*Dar es Salaam*

Haipo kwa sababu umeiweka mahali panapotupwa. LFE ni chaneli ya athari za besi iliyotokana na sinema, inapita chini ya 120 Hz tu, na miksi inapokunjwa kuwa stirio kwa kawaida huachwa nje. Studio inakudanganya zaidi kwa kuwa LFE huchezwa ikiwa imeongezwa desibeli 10.

Rudisha kiki nzima na besi nzima kwenye spika za mbele. Mfumo wenye sabufa utaipeleka besi huko wenyewe. Ukitaka LFE, ipe nakala ya kiki iliyokatwa juu ya 80 Hz, ndogo, kisha izime na usikilize: wimbo ukipoteza uzito wake, umeitegemea kupita kiasi. Kwa singeli tungeiacha tupu, mwendo ule wa kasi hauipi besi nafasi ya kupumua.

Msambazaji ameurudisha wimbo wangu akisema sauti imezidi. Limita (ya kuzuia sauti isivuke kikomo) niliweka, lakini haikusaidia. Stirio yangu iko −9 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) na haijawahi kukataliwa.
*Nairobi*

Kikomo cha Atmos ni −18 LUFS kwa wimbo mzima, na kilele halisi kisivuke −1 dBTP. Kipimo kinafanywa kwenye miksi iliyokunjwa hadi 5.1. Ukipimia kwenye stirio ya hedifoni unaweza kupata namba tofauti na ya msambazaji.

Limita yako haikusaidia kwa sababu katika Atmos hakuna mahali pamoja ambapo sauti zote zinapita. Uliiweka kwenye bedi, huku obijekti zikipita kando yake kama magendo. Ukiweka limita kwenye kila obijekti, kila moja inafanya kazi peke yake na mizani ya miksi inayumba. Usianze na limita. Pima, kisha shusha kila kitu kwa kiasi kimoja: ukisoma −14.5, shusha bedi na obijekti zote desibeli 3.5. Kama unataka ngoma zibanwe pamoja, zikusanye zote kwenye njia moja ya siri isiyosikika, halafu kompresa ya kila obijekti ya ngoma isikilize njia hiyo kupitia saidicheini, yaani mlango wake wa kuongozwa na sauti nyingine. Zitashuka na kupanda kwa pamoja, kila moja ikiwa mahali pake.

Na usisikitikie −9 yako. Kwa −18 mpigo wa ngoma unapata nafasi ya kuruka ambayo stirio ilikunyima miaka yote. Ukiirudisha, faili iwe moja ya ADM BWF (aina inayobeba sauti pamoja na maelezo ya mahali zilipo), 24 biti, 48 kHz, yenye urefu sawa na toleo la stirio.

Nimeweka Near kwa mwimbaji na Far kwa ngoma. Kwenye AirPods sioni tofauti. Na je, naweza kuzigeuza nyimbo zangu za zamani, nina stirio tu?
*Muscat*

Off, Near, Mid na Far ni maelekezo ya umbali wa sauti kwa renda ya Dolby ya hedifoni. Apple Music ina renda yake na haiyafuati, ndiyo maana huoni tofauti. Yaweke hata hivyo kwa ajili ya huduma nyingine: Off kwa besi na kiki, Near kwa mwimbaji, Mid kwa vingine vingi. Far tuitumie kwa uchache, huongeza chumba ambacho hukukiomba. Ukiwa na Logic Pro, chagua renda ya Apple kwenye usikilizaji na ukague zote mbili. Mwimbaji akisikika mbali kwa upande wa Apple, punguza riverbu yake, maana renda hiyo inaongeza nafasi yenyewe.

Kuhusu za zamani, jibu ni hapana. Programu za kutenganisha sauti huacha mikwaruzo inayofichwa na wimbo mzima, lakini ukilipeleka gita lililotenganishwa nyuma ya kichwa peke yake, hakuna cha kuificha. Tafuta diski ya rekodi ya awali, yenye treki moja moja. Na kwa kila wimbo mpya, kabla hujafunga kazi, toa treki moja moja kwa 24 biti na 48 kHz, zote zianzie sekunde 0, riverbu ikiwa kwenye faili yake peke yake.